Je, ni Haki Kumpiga Aliyekwama?



Mara nyingi tunasema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Ni rahisi kuyasema maneno hayo kama hatujaumizwa. Lakini adui aliyetutia kidonda akikwama mbele yetu, nasi tuna nguvu mkononi, haki yake ni ipi? Tungependa tulitafakari swali hili pamoja, kwa habari iliyotokea katika Ziwa letu hili.

Mwezi wa Machi 1875 msafiri Stanley aliondoka Kageye, mwambao wa Usukuma, akalizunguka Ziwa kwa mashua ya tanga iliyoitwa Lady Alice. Alikuwa na mabaharia 11 tu. Wakati wa kurudi, tarehe 28 Aprili, walifika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kimo katika Wilaya ya Muleba, wakiwa na njaa kali. Wenyeji waliikokota mashua mpaka nchi kavu, watu wakiwa wangali ndani. Wakapokea nguo na shanga kama malipo, kisha wakachukua na makasia. Wageni wale walikaa saa nyingi wamekwama ufukoni, wamezungukwa na mikuki na pinde. Mwishowe waliisukuma mashua majini kwa ghafula. Stanley alifyatua bunduki, akaua watu kadhaa, nao wakajiokoa kwa kupiga makasia kwa mbao walizozing'oa chini ya mashua.

Tuseme kweli, hapo wenye kosa la kwanza ni watu wa kisiwa. Kila nchi ina haki ya kujilinda na mgeni isiyemjua, lakini kupokea malipo ya mwenye njaa na kumnyang'anya makasia si kujilinda.

Tarehe 4 Agosti mwaka ule ule, Stanley alirudi. Safari hii alikuwa na mitumbwi mingi na mamia ya watu, wakiwamo Waganda wa Kabaka Mutesa. Hakukosa sababu. Alitaka njia salama ya kuvusha msafara wake, na Waganda waliokwenda Bumbire kutafuta chakula walikuwa wameshambuliwa. Lakini tutazame jinsi alivyofanya. Aliipanga mitumbwi mbele ya ufuko, mahali ambapo risasi zake ziliwafikia watu vizuri, na mawe na mishale yao ikamfikia kwa shida. Kwa hesabu yake mwenyewe waliuawa watu zaidi ya 30, na majeruhi walifika 100. Waganda walipotaka kuteremka na kuwafuatia, aliwazuia. Habari ilipofika Uingereza, wapo waliomlaumu hadharani.

Pengine mtu atasema, vita ni vita. Basi tuwaulize wanavita wenyewe. Mwezi wa Aprili 1809, karibu na Rochefort katika Ufaransa, Waingereza walipeleka usiku meli za moto katikati ya manowari za Wafaransa. Kwa hofu Wafaransa walikata nanga, na karibu manowari zao zote zikakwama. Kesho yake Kapteni Cochrane alizishambulia, akaomba msaada. Mkubwa wake, Amiri Gambier, akasitasita kwa kuhofia meli zake katika maji yenye kina kifupi. Kwa ajili hiyo alifikishwa mbele ya baraza la kijeshi, likamwona hana hatia. Amiri huyo ndiye aliyekuwa baadaye rais wa kwanza wa CMS, chama kilichowaleta wamisionari wetu wa kwanza katika Ziwa hili mwaka 1877.

Kama Gambier alikuwa na hekima au woga, watu wamebishana tangu siku zile. Sisi tunaangalia jambo jingine. Manowari iliyokwama ilikuwa bado na mizinga, kwa hiyo bado ilikuwa adui. Lakini pia ilikuwa na bendera. Ikiishusha, mizinga ilinyamaza na mabaharia wake wakawa mateka, si maiti. Siku ile Ville de Varsovie na Aquilon, manowari kubwa mbili, zilifanya hivyo.

Kule Bumbire hapakuwa na bendera ya kushusha. Watu wale hawakuweza kumdhuru aliyewapiga. Hapo ndipo tunapoona mpaka. Anayepigana nawe anaweza kuzuiwa kwa nguvu, hata akiwa amekwama. Lakini asiyeweza tena kukudhuru, ukamfungia na mlango wa kusalimu amri, huyo humzuii tena. Unalipa kisasi. Na kosa lake la kwanza, hata likiwa kweli, haliigeuzi hasira yako kuwa haki. Daudi alilijua hilo pangoni, Sauli alipoingia bila kumwona. Alikuwa na kisu, alikuwa na sababu, na wenzake walimhimiza. Alikata upindo wa vazi tu, na hata huo ukamchoma moyo.

Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu, au ya zamani. Mwaloni kwetu, kijana akishikwa na nyavu za mwenzake, mara watu 50 wamekwisha kumzunguka kwa mawe na makasia. Ni kweli tumeibiwa, na nyavu ni chakula cha watoto. Siku moja baadhi yetu tulikuwapo, tumetoka ibadani na vitabu vyetu mkononi. Kijana alikuwa ameanguka mchangani, akiinua mikono. Tulisimama pembeni. Hatukurusha jiwe, wala hatukusema neno. Kijana yule hakufika hospitali akiwa hai.

Tangu siku ile tumejiambia kwamba hatukumwua. Lakini mikono ile iliyoinuliwa ndiyo ilikuwa bendera yake, nasi tuliiona ikishushwa. Mtu mmoja tu angesema, "Jamani, inatosha, tumpeleke polisi," pengine wengine wangemfuata. Mtu huyo hakupatikana katika kundi la waliotoka kanisani.

Wapendwa, hatuombi mwizi asiadhibiwe. Ashikwe, ashitakiwe, arudishe mali. Tunaomba kwamba siku nyingine tutakaposikia kelele mwaloni, mmoja wetu apite katikati ya watu, asimame karibu na yule aliyeanguka, na aseme neno hilo mapema.