Kutibu Mwili na Kuubadili

Tumeulizwa: ikiwa sharia yaruhusu dawa, kwa nini wanawake wakatazwe kujichubua ngozi? Jawabu limo katika Hadithi mbili. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Alijifanyia pua ya fedha, ikanuka, Mtume (S.A.W.) akamwamrisha afanye ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Lakini katika Hadithi ya Ibn Mas'ud wamelaaniwa wanawake wanaochonga meno ili wapendeze. Yule alirudishiwa alichopoteza. Hawa wageuza kilicho kizima. Basi mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka na ashonwe, kwani hiyo ni tiba.

Ama weusi si ugonjwa hata upakwe dawa, tena nyingine zina zebaki, nayo huharibu mafigo. Hata hivyo, binti asilaumiwe peke yake. Ni nani aliyemfundisha kuichukia ngozi yake? Ni wale wamsifuo bibi arusi kwa weupe mbele ya ndugu zake weusi. Ugonjwa umo katika ndimi hizo; na zitibiwe kwanza.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.