Kwenda Mbali Kujifunza Kutazama

Wazazi wengi hufurahi wakisikia kwamba mtoto wao aenda Ulaya kusoma udaktari au sheria. Lakini akisema kwamba ataka kusoma historia ya sanaa, huinamisha vichwa. Huuliza, "Je, twauza ng'ombe ili mtoto akaangalie sanamu?" Swali hili si la upuuzi, nasi twataka kulipima kwa haki.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mwanafunzi wa elimu hii hafundishwi hasa kuchora wala kuchonga. Afundishwa kukitazama kitu kilichofanywa kwa mikono, na kuuliza: Ni nani aliyekifanya? Kwa njia gani? Nani alimlipa? Kimefikaje mahali kilipo leo? Picha ya kitabuni haitoshi, maana haionyeshi ukubwa wa kitu wala alama ya patasi. Kwa hiyo hana budi kusafiri.

Tutwae mfano mmoja. Mwanafunzi aliyeko Berlin aweza kusimama mbele ya kazi za shaba za Benin, mji ulio katika nchi ya Nigeria. Mafundi wa mfalme walifinyanga umbo kwa nta, wakalifunika kwa udongo, wakalitia motoni hata nta ikayeyuka ikatoka. Ndipo walipomimina shaba mahali pake. Mwaka 1897 askari wa Uingereza waliuteka mji huo, wakachukua maelfu ya kazi hizo, nazo zikatawanyika Ulaya na Marekani.

Je, wataalamu walizishuhudiaje kazi za nchi hiyo? Mwaka 1910 Leo Frobenius, Mjerumani, aliona vichwa vizuri mno katika mji wa Ife, akanena kwamba asili yake ni Atlantis, nchi ya hadithi za Wayunani. Lakini Felix von Luschan wa Berlin alizichungua zile za Benin, akasema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika, na ufundi wake haupungui ule wa mafundi bora wa Ulaya.

Hapo twaiona faida. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, nasi hudhani yahusu maneno ya barazani tu. Kumbe mafundi waliokufa nao ni jirani zetu, wala hawawezi kujitetea. Amnyimaye fundi sifa ya kazi yake amemwibia mara ya pili. Mwaka 2022 Ujerumani ilikubali kuirudishia Nigeria milki ya kazi nyingi za Benin, na mwezi wa Desemba ishirini zikapelekwa Abuja. Kelele peke yake zisingaliweza kuyaleta hayo. Walihitajiwa watu wa kufuatia kwa saburi safari ya kila kitu, mkono hata mkono.

Hata hivyo hatari iko. Kijana aweza kurudi akisifu makanisa ya Roma na kuvidharau vya kwao. Huyo amejifunza majina na miaka, hakujifunza kutazama.

Basi, wazazi, msimwulize mshahara tu. Akirudi, mwonyesheni mkeka wa bibi yake. Akiketi chini, akaugeuza, akauliza ukili umesukwaje, na bibi alifundishwa na nani, jueni ya kuwa ng'ombe wenu hawakupotea bure.