Je, Mgonjwa Aambiwe Kuhusu Kipimo Asichoweza Kukilipia?

Tuchukulie mama mmoja anatoka hospitali ya CHUK na karatasi ya maabara mkononi. Uvimbe umetolewa kwenye titi lake, na karatasi inasema asilimia 4 ya seli za saratani zina vipokezi vya estrojeni. Je, daktari amweleze kwamba Marekani kuna kipimo cha jeni kinachokadiria uwezekano wa saratani kurudi, ilhali yeye anategemea bima ya Mutuelle na hana pa kuyapata maelfu ya dola yanayodaiwa?

Wengi hujibu haraka: asiambiwe, maana ni kumnusisha mwenye njaa harufu ya nyama. Jibu hilo lina huruma, lakini linamfanya mtu mzima kuwa mtoto. Huenda ana ng'ombe, huenda ana ndugu ughaibuni. Kuuza au kutouza ni juu yake.

Hata hivyo, wanaosema aambiwe nao hawajamaliza. Aambiwe nini hasa? Kipimo kinachojulikana zaidi, Oncotype DX, husoma jeni 21 katika kipande cha uvimbe na kutoa alama kati ya 0 na 100. Alama ikiwa ndogo, mgonjwa anaweza kuepushwa tibakemikali akabaki na dawa za homoni. Lakini kilithibitishwa hasa kwa wanawake wenye vipokezi vingi. Saratani ya asilimia 4 mara nyingi huenda kama ile isiyo na vipokezi kabisa, na alama yake kwa kawaida hutoka juu, kwa kuwa baadhi ya jeni zinazosomwa ni zile zinazohusiana na estrojeni. Mama huyu akiuza ng'ombe, huenda akanunua jibu ambalo daktari alikuwa nalo tayari.

Na hiyo namba 4 imetoka wapi? Zamani maabara nyingi ziliita uvimbe "chanya" kuanzia asilimia 10. Mwaka 2010 mwongozo wa ASCO na CAP wa Marekani ulishusha mpaka hadi 1. Mwaka 2020 walewale wakalipa kundi la 1 hadi 10 jina lake, chanya hafifu, wakikiri kwamba ushahidi kuhusu faida ya dawa za homoni kwa kundi hilo ni mdogo. Uvimbe ni uleule, jina ndilo lililohama. Haba na haba hujaza kibaba, lakini methali haituambii ni punje ipi iliyokijaza. (Wagiriki walisumbuka na lundo la mchanga kwa sababu hiyohiyo.)

Tena namba hiyo hupita mikononi mwa watu. Kipande kinatakiwa kitiwe fomalini ndani ya saa moja na kukaa humo saa 6 hadi 72. Kikicheleweshwa, uvimbe wenye vipokezi vingi unaweza kusomeka kama una vichache. Kituo cha saratani cha Butaro kilipofunguliwa mwaka 2012, vipande vilipelekwa hadi Boston kusomwa. Kwangu mimi, haki ya kwanza ya mgonjwa iko hapa, kabla ya jeni 21.

Kwa hiyo daktari akitaje kipimo hicho, na papo hapo aseme kwamba hakikuthibitishwa kwa uvimbe kama wake, na kwamba vidonge vya homoni, ambavyo ni vya bei nafuu, bado anaweza kuvijaribu. Kisha amwambie kipande chake kilitiwa fomalini saa ngapi.