Wino Ungalipo na Wino Usipokuwapo

Wako wasemao kwamba swali lisiloweza kupimwa kwa majaribio halistahili kujadiliwa: ama ulete kipimo, ama unyamaze. Kauli hii yavutia, na sehemu yake ni ya kweli. Wahenga walisema, usiandikie mate na wino ungalipo. Watu wawili wa hapa Nsambya wakibishana kama mtoto mwenye homa ana malaria au hana, ubishi wao ni wa bure. Masista Wafransisko walianza kutibu wagonjwa katika kilima hiki mwaka 1903, na hospitali ingalipo. Tone moja la damu chini ya hadubini litakata shauri.

Lakini Nsambya pana pia kambi ya polisi. Humo Kiswahili kimesemwa miaka mingi, na watoto wengi hukikuta nyumbani kabla ya kukikuta shuleni. Nje ya kambi, wazee wengi walikijua kwanza kama lugha ya amri ya askari, hasa katika utawala wa Amin, aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973.

Je, ni haki kuwafundisha watoto wote wa Uganda lugha hii kwa lazima? Swali ni la zamani. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka ikuzwe katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa akapinga. Mwaka 2005 Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia iwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari.

Sehemu za swali hili zapimika: watoto hujifunza kwa kasi gani, walimu wangapi wanahitajika, vitabu vitagharimu kiasi gani. Na tupime. Lakini hapana mtihani utakaotuambia kama ni haki kumlazimisha mtoto ajifunze lugha iliyomtisha babu yake, wala kama udugu na jirani zetu wastahili gharama hiyo.

Asemaye tusiyajadili hayo, na tumwulize: kauli yake mwenyewe imepimwa kwa jaribio gani? Katika miaka ya 1920 wanafalsafa wa Vienna walishikilia kanuni iliyo jamaa ya hii, wakakwama papo hapo, kwani kanuni yenyewe haikuweza kujithibitisha.

Yawezekana tukajibiwa kwamba mjadala usio na kipimo ni kelele tu, kila mtu na lake. Sivyo. Anayekikataa Kiswahili kwa kuwa kilisemwa na wenye bunduki, yampasa aeleze mbona anakikubali Kiingereza, ilhali Lugard alifika Kampala mwaka 1890 na bunduki ya Maxim. Na anayedai kwamba Kiswahili huunganisha watu, yampasa aeleze mbona hakikuwaunganisha askari na raia katika miaka ile ya Amin. Hoja isiyoweza kusimama mbele ya maswali kama haya imepimwa, ikaonekana pungufu, bila hadubini.

Tena, swali tulilokatazwa kulijadili halitoweki. Huamuliwa na wengine kwa niaba yetu. Mwanafunzi akiuliza darasani kwa nini analazimishwa kujifunza Kiswahili, hapana jaribio litakalomjibu. Anastahili mwalimu aliyekwisha kulifikiri swali hilo, na aliye tayari kulifikiri upya pamoja naye.