Mbwa wa kuwinda: Tuangalie mbegu au malezi?

Huku Kyela, kwenye ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, mbwa si pambo la getini. Mashamba ya mpunga yamepakana na matete ya mito ya Kiwira, Lufilyo na Songwe, na ndani ya matete hayo hujificha ndezi wanaokata mpunga usiku. Kwenye nyasi fupi za pembeni kuna sungura. Kijana wa kijijini akitafuta mbwa, anatafuta mfanyakazi. Muislamu wa mjini, yeye, akisikia neno mbwa tu hukunja kanzu yake.

Ndugu msomaji, nimelazimika kuliandika hili kwa sababu ya maswali mawili niliyoletewa na kijana mmoja aliyesilimu, mtoto wa ukoo wa wawindaji. La kwanza: ameambiwa msikitini kwamba achague moja, mbwa wake au Uislamu. La pili: alikuwa akifikiria kumpandisha jike lake kwa dume chotara wa mbegu ya kigeni kutoka Mbeya, apate watoto wenye mbio. Je, mbwa gani hasa anafaa? Nilipoyatafakari, nikaona maswali yote mawili yana jibu moja.

Tuanze na la kwanza. Hapana shaka Mtume (s.a.w.) ametuonya kuhusu kufuga mbwa bila haja, na amesema kuwa mwenye kufanya hivyo hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Lakini katika Hadithi hizo hizo amewatoa mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Aliyemwambia kijana yule achague ameishika nusu ya Hadithi na nusu akaitupa. Na sungura ni halali: Anas bin Malik (r.a.) amesimulia jinsi walivyomkimbiza sungura hadi watu wakachoka, yeye akamkamata, Abu Talha akamchinja, na Mtume (s.a.w.) akapelekewa sehemu ya nyama akaipokea. Ndezi namwacha kando, maana ulaji wake una mjadala wake.

Sasa suala la mbegu. Waarabu tangu kale wamemsifu saluki, mbwa mwembamba wa mbio za jangwani. Waingereza nao, katika kuwinda sungura, humchanganya mbwa wa mbio na mbwa wa kuchunga kondoo, au na yule mdogo jasiri wa kuingia mashimoni. Hoja yao ina akili: mwenye mbio tupu humpita sungura anapokata kona, na hajui kutii, wa kuchunga ana utiifu lakini hana kasi. Wanatafuta mizani. Hata hivyo kila mizani ina nchi yake. Kyela ni bonde la joto na mvua nyingi. Mbwa mzito mwenye manyoya marefu atahema kabla ya saa nne asubuhi. Mbwa wa kienyeji, mwembamba, mwenye manyoya mafupi na miguu mirefu, amezoea jua letu na tope letu. Kwa kazi ya huku tayari ana nusu ya kile wanachokihangaikia wenzetu.

Na nusu ya pili? Hapo ndipo dini inapotufundisha jambo kubwa. Katika Surat al-Maidah, aya ya 4, Mwenyezi Mungu (s.w.) ametuhalalishia kile wanachotukamatia wanyama tuliowafunza. Hakutaja rangi ya mbwa, hakutaja ukoo wake. Ametaja mafunzo. Adiy bin Hatim (r.a.), naye mtu wa kuwinda, alipouliza, Mtume (s.a.w.) alimfafanulia: ukimtuma mbwa wako aliyefunzwa na ukataja jina la Allah, kula alichokukamatia hata kama amekiua, lakini akikila yeye, usile, maana inahofiwa amejikamatia mwenyewe. Wanazuoni wa Kishafii wakaweka vipimo: akitumwa aende, akizuiwa asimame, asile mawindo, na hayo yarudiwe mpaka iwe tabia.

Tazama basi. Mbwa wa mbegu ghali anayejiwindia mwenyewe, mnyama aliyemuua si halali kwako. Mbwa wa kienyeji aliyefunzwa kujizuia, alichoua ni chakula cha watoto wako. Tofauti kati ya mzoga na riziki imeletwa na elimu, hata kwa mbwa!

Na elimu hiyo inamhusu mwenye mbwa zaidi. Vijana wa huku huwinda kwa kundi, mbwa wa jirani wakichanganyika na wao. Adiy aliambiwa pia kwamba mbwa wengine wakiingia, asile, kwa kuwa jina la Allah amelitaja juu ya wa kwake tu. Njia ya salama ni kumzoeza mbwa kushika bila kuua, nawe uwe na kisu kikali umfikie sungura akiwa hai umchinje. Huyo ndiye mbwa wa kuchagua: mwenye mdomo mpole na sikio sikivu. Tena Mashafii hawajuzishi kumuuza mbwa, hivyo biashara ya watoto wa mbwa chotara ina utata wake. Mahali alipouma na chombo alicholamba ni vya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Apewe chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishadhihiri karibu kila mtu hufa. Asiachwe na njaa, wala mnyama asifukuzwe kwa mchezo na kamari. Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali. Kuvunja ahadi ya nchi si sehemu ya halali.

Simlinganishi mtu na mnyama, Allah aniepushe na hilo. Lakini ikiwa Sheria imekataa kumpima hata mbwa kwa nasaba yake, sisi tunapata wapi ujasiri wa kumpima binadamu kwa ya kwake? Waislamu huku ni wachache. Anapokuja mtu kutoka kwenye ukoo wa wawindaji, tunamtazama mbwa wake na jina la baba yake kabla ya kuuliza amefundishwa nini, na nani amejitolea kumfundisha. Kumwambia "mtupe mbwa" ni rahisi, huchukua dakika moja. Kumfundisha bismillahi ya kuwinda, kuchinja na kutwaharisha kunataka mwalimu wa kukaa naye miezi. Tumechagua lililo rahisi, kisha tukaliita uchamungu.

Jibu nililompa kijana yule ni hili: baki na jike lako, usitafute damu ya Mbeya, mfunze. Na sisi wa msikitini tuna zamu yetu ya kukufunza wewe.

Wabillahi tawfiq.