Habari za Viumbe: Milki au Amana?

Iko mali ambayo mtu akimpa mwenzake nusu hubakiwa na nusu. Na iko mali ambayo akiitoa yote hubakiwa nayo yote. Elimu ni ya namna hii ya pili. Neno hili ni la kweli, na kwa kuwa ni la kweli limekuwa jepesi mno vinywani mwetu. Hulisema mikutanoni watu ambao wakirudi ofisini hufunga makabati yao kwa ufunguo. Mimi nilikuwa mmoja wao, na habari yangu nitaieleza mahali pake.

Swali ninalotaka kuliuliza ni hili. Mti gani huota wapi, ndege gani ameonekana mwezi gani, chura gani huishi chini ya poromoko gani: habari za namna hii ni za nani? Ni za mtaalamu aliyezikusanya kwa jasho lake? Ni za serikali yenye ardhi? Ni za wanakijiji waliomwonyesha mtaalamu njia? Au ni za kila mtu?

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha chuo cha utafiti wa kilimo na mimea huko Amani, katika Usambara Mashariki. Mimea ilichumwa, ikakaushwa, ikabandikwa karatasini pamoja na kibandiko chenye jina la mahali, tarehe na jina la mchumaji, na sehemu kubwa yake ikapelekwa Berlin. Mtu wa Tanga aliyetaka kujua kwa yakini mti uliosimama nyuma ya nyumba yake ulikuwa wa aina gani, jibu lake lilikuwa ng'ambo ya bahari. Huo ndio umilki. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu ya vita yaliliangukia jumba lile la Berlin, na sehemu kubwa ya mimea mikavu iliyokusanywa kwa vizazi ikateketea. Habari za mimea mingi zingalipotea kabisa kama nakala zake hazingalikuwa zimegawiwa majumba mengine, au hazingalibaki Amani. Hizo za Amani zilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Basi kilichookoka ni kile kilichogawanywa. Nawaomba wenye makabati walifikiri jambo hili.

Kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, kilichoanza kutolewa sehemu kwa sehemu mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012, kinaeleza aina zaidi ya 12,000. Miaka 60 ya kazi! Wala hakingaliandikika kama kila jumba lingalishikilia karatasi zake. Leo kazi ya kukusanya pamoja imechukua sura nyingine. Mwaka 2001 liliundwa shirika la kimataifa liitwalo GBIF, lenye makao yake Copenhagen, ambalo huunganisha kwa intaneti kumbukumbu za viumbe kutoka majumba, vyuo na watu binafsi. Kumbukumbu hizo zimekwisha kupita bilioni 2, na yeyote aweza kuzisoma bila malipo. Tanzania ina kituo chake cha kazi hiyo chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kibandiko kilichoandikwa kwa wino Amani zaidi ya miaka mia iliyopita chaweza kusomwa na mwanafunzi wa Morogoro akiwa amekaa kitandani pake. Mkataba wa bioanuwai uliofanywa Rio de Janeiro mwaka 1992 ulitamka mambo mawili kwa pamoja: kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mali zake za asili, na kwamba habari zibadilishwe baina ya nchi, tena zirudishwe zilikotoka pale iwezekanapo. Kurudisha! Neno hilo halisemwi juu ya milki. Mtu hurudisha amana.

Nchi yapata faida gani? Wengi hujibu upesi kwamba mtafiti hupata makala na waziri hupata ripoti. Jibu hilo halinitoshi. Mfano mzuri zaidi, ingawa ni wa huzuni, ni Kihansi.

Mradi wa umeme wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa, ulikuwa umekwisha kuanza kujengwa wakati watafiti walipomgundua, mwaka 1996, chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyepatikana mahali pengine popote duniani, tena azaaye watoto hai badala ya kutaga mayai. Makazi yake yote yalikuwa hekta chache tu za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipogeuzwa kwenda mitamboni, manyunyu yalififia. Ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyizia bonde, na mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakasafirishwa kwa ndege kwenda kutunzwa Marekani. Mwaka 2003 idadi ya waliobaki bondeni ilianguka ghafula, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Kizazi cha wale waliosafiri kilirudishwa nchini mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2012 kikaachiwa bondeni. Watu wengi walicheka kusikia vyura wamepanda ndege. Mimi sicheki. Umeme nchi iliuhitaji, na chura hakumkosea mtu. Ubaya ulikuwa mmoja: elimu ilifika baada ya saruji.

Hapa mpinzani wangu atasema, na atakuwa na haki, kwamba kumbukumbu za wazi zisingemsaidia chura ambaye hakuna aliyepata kumwona. Ni kweli. Lakini kumbukumbu zilizokusanywa pamoja huonyesha pia mahali zisipokuwapo. Ukizitandaza juu ya ramani utaona zinafuata barabara, vituo vya utafiti na mbuga za watalii, kama kwamba ndege na miti navyo hupenda lami. Nafasi tupu baina yake si nchi isiyo na viumbe. Ni nchi isiyotembelewa na mwenye kalamu. Mtu mwenye kabati moja hawezi kuuona utupu huo, maana haujui wa kwake na wa jirani ni mmoja. Huonekana pale tu wote wanapoweka vyao mezani. Ndipo mpangaji wa bwawa au barabara aweza kuambiwa: hapa hatujui, tuma watu watazame kabla ya kuleta zege. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayotajwa kwa uchache.

Walakini uwazi nao una madhara yake. Katika msitu mdogo wa Kimboza, mkoani Morogoro, na sehemu chache za karibu, yuko mjusi kafiri ambaye dume lake lina rangi ya samawati ing'aayo. Alielezwa kitaalamu mwaka 1952, naye huishi juu ya miti ya jamii ya mkadi. Wafugaji wa wanyama wa mapambo nchi za ng'ambo walipompenda, alikamatwa kwa maelfu, na wakamataji wengine wakaiangusha mikadi yenyewe ili wamfikie. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 2016. Kiumbe wa namna hii, kumtangazia dunia shina la mti analolalia ni kumwonyesha mwizi mlango.

Mwenye kuiita elimu milki atasema: mnaona, tufiche. Mwenye kuiita elimu mali ya wote atasema: tusifiche chochote. Neno amana lawajibu wote wawili. Amana haiwi ya aliyeishika, kwa hiyo hana ruhusa ya kuifungia kwa ajili ya sifa yake au cheo chake. Lakini aliyeishika atawajibika ikiharibika, kwa hiyo ana wajibu wa kuilinda. Basi jina la kiumbe, hali yake na wilaya yake vitolewe kwa wote, na alama kamili ya mahali wapewe wenye dhamana ya kumlinda. Wakusanyaji waangalifu wa kumbukumbu hizi hufanya hivyo hivyo. Siri iwe na sababu inayoweza kusemwa mbele za watu. Isiyo na sababu hiyo ni uchoyo uliovaa kanzu.

Sasa nije kwangu. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya udaktari nilikusanya majina ya mimea kwa Kishambaa kutoka kwa wazee, nikayaandika kwenye kadi, na kadi nikaziweka katika sanduku la mbao. Nilijiambia kwamba nitaandika kamusi. Miaka 14 ikapita. Bibi mmoja mganga, aliyenipa majina mengi kuliko wote, aliniambia siku ya kuagana, "Jina la mti mpe kila mtu, mwanangu. Dawa yake usiipe karatasi." Nami nilikuwa nimekwisha kuiandika, nikaona haya kumwambia.

Mwaka jana nilizitenga kadi. Za majina nilizitoa zinakiliwe na kuwekwa wazi, na nakala moja nikaipeleka kijijini kwa mkono wangu. Mjukuu wa yule bibi aliisoma barazani, kisha akacheka kwa adabu. "Mwalimu, hapa umechanganya. Hii miti ni miwili, wewe umeifanya mmoja." Alikuwa na haki. Miaka 14 kosa lile lilikaa sandukuni likiitwa elimu, na hakuna mtu aliyeweza kulisahihisha kwa kuwa hakuna aliyeliona.

Kadi za dawa ningali nazo, zimefungwa kwa uzi. Bibi amekwisha kufariki. Niliungama kwa wajukuu zake kwamba ziko. Mmoja ataka zirudi kwao, mwingine ataka zichomwe moto, na wa tatu asema waulizwe kwanza shangazi zake walioko Korogwe. Nazitunza mpaka watakapoafikiana.