Mimi Nimetumwa Tu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa shemasi katika kanisa lingine, si hapa. Mzee mmoja akaniambia nifute jina la mama mjane katika daftari la msaada wa mazishi, maana alikuwa nyuma na michango. Nikafuta. Alipofiwa na mwanawe akanijia akilia. Nikamwambia, "Mama, mimi nimetumwa tu." Usiku huo nililala vizuri kabisa, na hilo ndilo linaniuma hadi leo.

Juzi nimesoma juu ya Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwaka wa 1961 alianza kuita watu wa kawaida, mmoja mmoja, waketi mbele ya mashine na kumpiga mtu shoti ya stima kila akikosa jibu. Swichi zilikuwa 30, kutoka volti 15 hadi 450. Stima yenyewe haikuwa ya kweli, lakini mwenye kubonyeza hakujua. Alimsikia yule mtu akigonga ukuta. Akisita, msimamizi mwenye koti la maabara alimwambia lazima aendelee. Kati ya wanaume 40, 26 walifika mwisho.

Mpendwa, usiseme hao walikuwa wakatili. Walitetemeka, wakatoa jasho. Milgram alieleza kwamba mtu akiwa chini ya mkubwa huacha kujiona mwenye tendo. Anajiona chombo tu, na lawama ni ya aliyemtuma. Tena swichi ya kwanza haiumizi mtu. Ukishabonyeza ya kumi, utakataa ya kumi na moja kwa sababu gani? Hata mimi nilianza kwa kufuta jina tu, kwa kalamu.

Sisi waliookoka tunahimizana kutii, na Warumi 13 tunaijua. Lakini Shifra na Pua, wale wakunga, walimkatalia Farao mwenyewe. Na walikuwa wawili! Milgram naye alipoweka watu wengine wawili kwenye mashine, nao wakakataa kuendelea, ni 4 tu kati ya 40 waliofika mwisho.

Siku ile ya daftari nilikuwa na shemasi mwenzangu kando yangu. Alinitazama, nikamtazama, kila mtu akingoja mwenzake aseme kitu.